Kulala Bila Kutetemeka: Namna ya Kupanga Tabaka za Malazi Kambini Wakati wa Theluji

Mfuko wa kulalia hauna joto lake wenyewe. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la takriban wati 75, kiasi cha balbu moja ya zamani, na hicho ndicho chanzo kikuu cha joto kitakachokuwa ndani ya hema mpaka alfajiri. Mkeka, mfuko, mfarishi (blanketi jepesi la kuongeza juu ya mfuko), soksi na kofia vyote vina kazi moja: kulishika joto hilo lisitoke upesi kuliko mwili unavyolitengeneza.

Joto humtoka mtu aliyelala kwa njia nne. Ardhi hulinyonya pale mwili unapoigusa. Hewa inayopita huondoka nalo. Jingine humwagika kuelekea vitu vya baridi vinavyomzunguka, hasa anga lisilo na mawingu. Na jingine hutoka na unyevu, jasho linapokauka na kila pumzi inapotolewa. Kinachozuia yote haya, kwa sehemu kubwa, ni hewa iliyotulia. Manyoya ya bata, sufu na povu (aina ya sponji) ni njia tofauti za kuifunga hewa isitembee. Kwa hiyo tabaka lolote lina maadui wawili: kubanwa, maana likibanwa hewa hutoka, na kulowa, maana maji yakichukua nafasi ya hewa hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatokana na maadui hao wawili.

Kwanza, ijue baridi utakayoikuta

Utabiri wa hali ya hewa mara nyingi hutolewa kwa ajili ya mji au kituo kilicho chini, si kwa pale utakapolala. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5. Usiku wenye nyota huwa baridi kuliko usiku wa mawingu. Hewa baridi nayo ni nzito: huteremka kutoka vilimani na kutuama mabondeni, kwa hiyo kibonde kinachopendeza kwa macho kinaweza kuwa mahali pa baridi kuliko pote katika eneo zima.

Chukua namba ya utabiri, punguza kwa ajili ya mwinuko, kisha jiwekee akiba ya nyuzijoto 5 au zaidi upande wa baridi. Malazi yapangwe kwa namba hiyo ya mwisho. Wako watu ambao husikia baridi mapema kuliko wenzao, na mtu aliyechoka, mwenye njaa au aliyekunywa pombe hupoa haraka zaidi. Kama wewe ni mmoja wao, ongeza akiba bila kuona haya.

Hatua ya 1: Tengeneza mahali pa hema

Chagua mahali palipoinuka kidogo juu ya sakafu ya bonde, penye kinga ya upepo, na pasipo miti mikavu au matawi yaliyoelemewa na theluji juu yako. Kwenye miteremko mikali yenye theluji nyingi jihadhari na maporomoko. Hakuna malazi yatakayokusaidia hapo.

Theluji laini ikanyage kwa viatu mpaka isawazike, kisha iache itulie kwa nusu saa hivi. Ikishikamana huwa ngumu, na haitakuchimbia shimo chini ya makalio usiku. Sawazisha matuta yote kabla ya kusimamisha hema, maana yakishaganda hayataondoka. Ukiwa na koleo na nguvu zimebaki, inua ukuta mdogo wa theluji upande unakotoka upepo.

Usilifunge hema kabisa. Hili huwashangaza wengi, lakini matundu ya hewa yanatakiwa yawe wazi hata kwenye baridi kali. Pumzi ya watu wawili ina maji mengi, na yasipopata njia ya kutoka hugeuka sakitu, yaani umande ulioganda, kwenye kuta, kisha huwaangukia na kulowesha mifuko. Hema haliongezi joto jingi hata likifungwa. Kazi yake kubwa ni kuzuia upepo na theluji.

Wala usiwashe jiko ndani ili kupasha hema joto. Moto katika sehemu iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu waliokuwa wamelala. Hili halina mjadala.

Hatua ya 2: Anzia chini

Kama una fedha za kununua kitu kimoja tu kizuri, mimi ningekwambia nunua mkeka kabla ya mfuko. Watu hufanya kinyume. Hununua mfuko mnene kabisa, huutandika juu ya godoro jembamba la kupuliza, kisha hulalamika kwamba mfuko ni mbovu. Tatizo ni kwamba sehemu ya mfuko iliyo chini ya mgongo hubanwa na uzito wa mwili mpaka haishiki tena hewa. Kwa upande huo wote ni kama umelala bila mfuko. Kinachokutenga na theluji ni kile ulichotandika, basi.

Uwezo wa mkeka kuzuia joto hupimwa kwa kipimo kinachoitwa R. Namba ikiwa kubwa, joto hupita kwa shida zaidi. Zamani kila kiwanda kilipima kwa namna yake na namba hazikulinganishika. Siku hizi viwanda vingi hufuata njia moja ya upimaji, ASTM F3340, iliyoanza kutumika kwa upana mwaka 2020. Kwa hiyo ukinunua mkeka mpya, tafuta namba ya R kwenye lebo, na uhakikishe imetokana na upimaji huo.

Kwa makadirio, R ya 2 hadi 4 hutosha pale ardhi isipoganda. Ukilala juu ya theluji, anzia 5. Kwa usiku wa −20°C na kushuka, lenga 6 au 7 na kuendelea.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hujumlishika. Mkeka wa kawaida wa povu gumu lisilofyonza maji, wenye unene wa sentimita 2 hivi, huwa na R ya karibu 2. Ukiuweka pamoja na godoro la kupuliza lenye R ya 3.5 unapata 5.5, na umetoka kwenye malazi ya ardhi isiyoganda ukaingia kwenye malazi ya theluji bila kununua godoro jipya. Ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na si kwa sababu ya gharama tu. Godoro la kupuliza linaweza kutoboka usiku wa manane. Likitoboka ukiwa na povu chini, utalala vibaya lakini utalala. Likitoboka ukiwa huna kitu kingine, usiku huo unaweza kuwa wa hatari ya kweli.

Je, povu liwe chini au juu? Jumla ya R haibadiliki. Likiwa chini hulinda godoro dhidi ya miiba na barafu yenye ncha. Likiwa juu mfuko hautelezi, na joto utalisikia upesi unapolala. Mimi huliweka chini kwenye ardhi yenye mawe na vijiti, na juu kwenye theluji tupu.

Godoro usilipulize kwa mdomo kwenye baridi kali. Pumzi yako huingiza unyevu, unyevu huo huganda ndani, na baada ya siku kadhaa huharibu kinachozuia joto humo. Tumia mfuko wa kupulizia au pampu ndogo. Kumbuka pia kwamba hewa ikipoa husinyaa. Godoro ulilojaza jioni litaonekana limelegea saa mbili baadaye hata kama halina tundu. Liongeze hewa kabla ya kuingia kulala.

Mkeka uwe mrefu wa kutosha. Katika majira mengine mtu anaweza kuvumilia mkeka unaoishia magotini, lakini kwenye theluji miguu inahitaji kinga sawa na mgongo. Ukiwa na mfupi, jazia upande wa miguu kwa mkoba uliotolewa vitu, kamba zilizokunjwa, au nguo kavu za akiba.

Hatua ya 3: Mfuko wenyewe

Mifuko mingi hupimwa kwa kiwango cha Ulaya, EN 13537, kilichotoka mwaka 2002, au mrithi wake ISO 23537 cha mwaka 2016. Kwenye lebo utakuta namba tatu, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ya kwanza, ambayo ni ya joto zaidi, ni kiwango cha starehe: mwanamke wa wastani, akiwa amelala kwa utulivu, hatasikia baridi. Ya pili ni kikomo: mwanamume wa wastani akiwa amejikunyata ataweza kupita usiku bila mwili wake kupoa. Ya tatu ni ya hatari, inayoeleza kunusurika kwa saa chache, si kulala. Wauzaji wengine huandika namba ya pili au hata ya tatu kwa herufi kubwa mbele ya mfuko, kwa kuwa huufanya uonekane na uwezo mkubwa. Wewe nunua kwa namba ya starehe. Kujikunyata usiku kucha si kulala.

Jua pia kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa sanamu iliyovikwa nguo nyepesi za ndani na kulazwa juu ya mkeka unaozuia joto. Ukitumia mkeka hafifu, namba ya lebo haikuhusu tena.

Manyoya au sintetiki? Manyoya laini ya bata au bukini hushika hewa nyingi kwa uzito mdogo na hukunjika yakawa kidogo mkobani, lakini yakilowa husinyaa na kubaki kama vibonge. Sintetiki, yaani nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ni nzito na hujaza mkoba, ila ikiwa na unyevu hubaki na sehemu ya uwezo wake, na hukauka haraka. Kwenye baridi kavu ya chini ya −10°C manyoya hayana mshindani. Kwenye baridi ya karibu sifuri, yenye theluji chepechepe na mvua, sintetiki ni salama zaidi. Watu wengi huiogopa −15°C kuliko 0°C, kumbe ile ya sifuri ndiyo inayolowesha kila kitu.

Angalia umbo. Mfuko uwe na kofia inayofunika kichwa, kola ya ndani inayobana shingoni, na mkunjo mnene unaoziba zipu kwa ndani. Bila kola, kila unapogeuka hewa ya moto husukumwa nje kupitia shingoni na hewa baridi huingia. Urefu nao ni muhimu. Mfuko mkubwa mno una nafasi tupu ambayo mwili hulazimika kuipasha moto. Ijaze kwa nguo kavu. Mfuko mdogo mno ni mbaya zaidi: vidole vya miguu na mabega huusukuma kutoka ndani, manyoya hubanwa, na pale pale ndipo utakaposikia baridi.

Hatua ya 4: Kuongeza tabaka la pili juu

Si lazima kununua mfuko wa baridi kali ambao utautumia mara chache. Mfuko wa majira ya kawaida ukiongezwa mfarishi, yaani blanketi jepesi lililojazwa manyoya au sintetiki, au mfuko mwingine mpana wa nje, hufika mbali sana.

Makadirio yanayotumika na wapiga kambi wengi ni haya: chukua kiwango cha tabaka la pili, kitoe kwenye 21, gawanya kwa 2, kisha matokeo yashushe kutoka kwenye kiwango cha mfuko wa kwanza. Tuseme mfuko wako ni wa −7°C na mfarishi ni wa 10°C. Kutoka 10 hadi 21 ni 11. Nusu yake ni 5.5; kwa hiyo kwa pamoja unapata takriban −12.5°C. Ni hesabu ya makadirio, haijui mkeka wako wala umekula nini, lakini inatosha kupangia.

Sharti ni moja: tabaka la nje liwe pana. Ukichomeka mfuko mnene ndani ya mfuko unaobana, wa nje huuminya wa ndani na unapoteza ulichokuwa unatafuta. Ingia ndani ya mifuko yote miwili nyumbani, funga zipu, kisha uguse kwa mkono kwenye mabega na miguuni. Kama wa ndani hauwezi kuumuka, mpangilio huo haufai.

Sasa, kipi kiwe nje? Sintetiki iwe nje, manyoya yawe ndani, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Usiku mzima mwili hutoa mvuke, hata kama hutokwi jasho la kuonekana. Mvuke huo husafiri kutoka kwenye ngozi kwenda nje ukipita kwenye tabaka moja baada ya jingine, na kila unaposogea hukuta baridi zaidi. Mahali fulani njiani hugeuka maji, na kwenye baridi kali hugeuka barafu. Ukiwa na mfuko mmoja tu wa manyoya, mahali hapo ni ndani ya manyoya yenyewe, karibu na kitambaa cha nje. Ukiongeza mfarishi wa sintetiki juu, mahali hapo huhamia kwenye sintetiki, ambayo haijali sana. Asubuhi utakuta umande au sakitu juu ya mfarishi, na manyoya yako chini yake yamebaki makavu.

Kwa usiku mmoja jambo hili ni dogo. Kwa safari ya wiki ndilo linaloamua kama utalala. Mwaka 1911, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard wa msafara wa mvumbuzi Mwingereza Robert Falcon Scott walitembea katikati ya majira ya baridi ya Antaktika, kutoka Cape Evans hadi Cape Crozier, kutafuta mayai ya pengwini. Baridi ilishuka hadi chini ya −60°C. Walilalia mifuko ya ngozi ya kulungu wa kaskazini, na kila usiku pumzi na jasho lao viliganda ndani yake. Kadiri siku zilivyopita mifuko ilizidi kuwa mizito na migumu, ikawabidi kuilainisha kidogo kidogo kwa joto la miili yao ili waweze tu kuingia. Tofauti kati ya usiku wa kwanza na wa mwisho haikuwa baridi peke yake, bali barafu waliyoibeba ndani ya malazi.

Mfuko wa nje usiopitisha maji, ule mwembamba unaovikwa juu ya mfuko wa kulalia, nao huongeza joto kidogo na kuzuia upepo na theluji. Unafaa pale tu ambapo kitambaa chake kinapitisha mvuke. Cha plastiki tupu kitakugeuzia unyevu wote ndani.

Hatua ya 5: Shuka la ndani, na mfuko wa kuzuia mvuke

Shuka la ndani la hariri huulinda mfuko na uchafu wa mwili, na joto linaloongeza ni dogo kuliko matangazo yanavyodai. La flisi huongeza zaidi lakini ni zito. Kama nafasi ni finyu, beba nguo badala yake. Utaweza kuzivaa hata nje ya mfuko.

Mfuko wa kuzuia mvuke ni jambo jingine kabisa. Ni mfuko mwembamba usiopitisha hewa unaouvaa ndani ya mfuko wa kulalia, ukiwa na nguo nyepesi tu. Unyevu wa mwili hubaki humo, haufiki kwenye manyoya kamwe. Utahisi uchepechepe, wengine hawaupendi, na mimi nisingeupendekeza kwa safari ya usiku mmoja au miwili. Baridi ikiwa chini ya −20°C kwa siku nyingi mfululizo, bila jua la kukaushia, hapo una thamani yake. Usivae nguo nene ndani yake, zitalowa. Koti liwe juu ya mfuko huo, si ndani yake.

Hatua ya 6: Nguo za kulalia

Weka kando seti moja ambayo ni ya kulalia tu: fulana ya mikono mirefu na suruali ya ndani za sufu au poliesta, soksi nene, na kofia. Zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji mchana kutwa. Usiku unapofika vua kila ulichotembelea, hata kama unakiona kikavu, kwa sababu jasho la mchana limo. Pamba usiipeleke. Hufyonza maji na kuyang'ang'ania.

Soksi zisibane. Damu isipofika vidoleni, hata soksi tatu hazitakusaidia, na mara nyingi jozi moja pana hushinda jozi mbili zinazobana.

Kuna imani kwamba kulala uchi ndani ya mfuko ni joto zaidi. Si kweli. Nguo kavu ni tabaka la hewa kama tabaka lingine lolote. Imani hiyo imetokana na watu wanaolala na nguo zenye jasho, au wanaovaa makoti mengi hadi yanasukuma mfuko kutoka ndani na kubana manyoya yake. Vaa ilimradi mfuko bado unaumuka. Koti nene likizidi, litandaze juu ya kifua nje ya mfuko, au lizungushie miguu.

Hatua ya 7: Saa moja kabla ya kulala

Ukishasimamisha hema, utoe mfuko mara moja, uutikise, uuache uumuke. Mfuko uliotolewa mkobani dakika ya mwisho huwa bado umesinyaa.

Kula chakula cha jioni chenye mafuta ya kutosha, na uweke kitu kidogo cha kutafuna karibu, kama karanga au jibini, kwa ajili ya usiku. Mwili unahitaji kuni za kuwasha. Kunywa maji vilevile. Pombe iache. Hukupa hisia ya joto kwa kupeleka damu kwenye ngozi, na kutoka hapo joto hupotea.

Ingia kwenye mfuko ukiwa na joto. Usiingie ukitetemeka ukitumaini kwamba mfuko utakupasha, maana huo hutunza ulichoingia nacho. Tembea kwa dakika chache kuzunguka kambi, chuchumaa na kusimama mara kadhaa, lakini koma kabla jasho halijatoka.

Chupa ya maji ya moto ndiyo anasa kubwa ya kambi ya baridi. Lita moja ya maji ikipoa kutoka 90°C hadi 35°C hutoa joto linalolingana na lile ambalo mwili uliolala hutoa kwa karibu dakika 50. Tumia chupa ya plastiki ngumu inayostahimili maji yaliyochemka, yenye mfuniko unaofunga barabara. Igeuze kichwa chini na uiminye kabla ya kuiingiza. Ivishe soksi ili isikuunguze, kisha iweke kati ya mapaja, mahali ambapo mishipa mikubwa ya damu iko karibu na ngozi. Themosi haifai kwa kazi hii, kwani imeundwa isitoe joto. Asubuhi una maji ya kunywa ambayo hayajaganda.

Viatu kama vina soksi ya ndani inayotoka, itoe uiweke ndani ya mfuko wako. Vivyo hivyo simu, betri za taa ya kichwani, na chujio la maji, kwani chujio likiganda hupasuka kwa ndani bila kuonekana. Chupa nyingine za maji zifukie kwenye theluji au zilaze kichwa chini: barafu huanza juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi.

Mwisho, nenda kajisaidie. Baridi huongeza mkojo, na mtu anayejizuia halali. Wengi hubeba chupa maalumu ya kukojolea iliyowekwa alama isiyoweza kukosewa gizani.

Hatua ya 8: Usiku ukiamka kwa baridi

Usiingize uso ndani ya mfuko. Kishawishi ni kikubwa, lakini kila pumzi utakayoitoa humo ni maji yanayoingia kwenye manyoya. Kaza kofia ya mfuko mpaka libaki tundu la pua na mdomo, na ufunike pua kwa skafu nyepesi.

Kabla ya kuongeza nguo, tafuta baridi inatokea wapi. Ikitoka mgongoni au kwenye nyonga, tatizo liko chini: ongeza hewa kwenye godoro, sogeza mkeka uliohama, tandika koti au mkoba. Ikiingia shingoni, funga kola. Miguu peke yake ikiwa baridi, angalia soksi kama zina unyevu, kisha izungushie koti. Mara nyingi pia kichwa kiko wazi. Baridi ikiwa kila mahali, kula, kaza misuli ya miguu na tumbo kwa vipindi, au chemsha maji mapya nje ya hema. Ukisikia joto kupita kiasi, fungua zipu mapema kabla hujatokwa jasho. Jasho la saa tano usiku ni baridi ya saa kumi.

Mwangalie na mwenzako. Mwili ukishuka chini ya 35°C mtu anaanza kuzubaa, maneno humtoka kwa shida, vidole hushindwa kazi ndogo kama kufunga zipu. Na mtetemeko ukikoma ilhali bado ana baridi, hiyo si nafuu, ni hatari kubwa. Watu wengi huona aibu kuamsha wenzao, nami nasihi kwa moyo wote: kubalianeni jioni kwamba kuamshana ni ruhusa. Mvue nguo zilizolowa, mpe kavu, mtenge na ardhi kwa mikeka yote iliyopo, mwekee chupa za moto zilizovishwa kwapani na kifuani, na mpe kinywaji kitamu chenye joto ikiwa ana fahamu kamili na anaweza kumeza. Usimsugue mikono wala miguu, na msogeze taratibu. Akiwa haeleweki au hatetemeki tena, omba msaada wa uokoaji bila kusubiri asubuhi.

Asubuhi, na ukirudi

Ukiamka, ukandamize mfuko taratibu ili hewa yenye unyevu itoke kabla haijapoa ndani yake. Futa sakitu iliyo juu ya mfarishi kwa brashi au glovu kavu. Jua likitoka hata kwa nusu saa, geuza mifuko nje-ndani na uianike juu ya hema; jua dogo na upepo mkavu hukausha hata kwenye baridi.

Mpango wote huu ujaribu karibu na nyumba kabla ya safari, usiku wa baridi, mahali ambapo ukishindwa unaweza kuingia ndani. Andika joto la nje, ulichotandika, ulichovaa na saa uliyoamka. Namba zako mwenyewe zitakufaa kuliko lebo yoyote.

Ukirudi, anika kila kitu mpaka ndani kabisa pakauke, fungua vali za godoro, na uhifadhi mifuko ikiwa imelegea kwenye mfuko mpana wa kitambaa au ukiitundika. Mfuko unaokaa miezi ukiwa umeshindiliwa hupoteza uwezo wa kuumuka, na mwakani namba iliyoandikwa kwenye lebo yake haitakuwa ya kweli tena.